Sindano Tatu Zilizobaki

Kuna msimu mmoja katika maisha yangu ambao niliogopa watu kupona. Sijawahi kumwambia mtu jambo hili, ingawa nimekaa Mwanza, Kigoma, Tanga na kwingine kwingi ambako ningeweza kulisema na asiwepo wa kunijua. Nilikuwa dresa mdogo, mfunga vidonda, katika zahanati ya upande wa Tarime, miaka michache kabla ya Uhuru, na yale mafua yaliyozunguka dunia nzima yalikuwa yamefika kwetu. Kila asubuhi nilitazama foleni nje ya mlango. Ikiwa ndefu, moyo ulitulia. Ikiwa fupi, niliihesabu tena kabla ya kuwasha stovu ya kuchemshia sindano.

Sababu ilikuwa barua. Ilitoka bomani kwa wakubwa wa wilaya, ikaletwa na tarishi wa baiskeli kabla mafua hayajafika, na dresa mkubwa akaisoma amekaa kwenye kizingiti huku mimi nikifagia. Aliisoma mara mbili. Kisha akasema, bila kunitazama, akiniita kijana kwa Kikurya:

“Mura, wamesema mmoja.”

Bei ya pamba ilikuwa imeanguka, ya kahawa ya kule milimani nayo ikafuata. Machimbo ya dhahabu yalikuwa yakipunguza watu, na waliorudi walirudi na mabegi ya mbao na hawakuwa na cha kulipia kodi. Zahanati yetu ilikuwa ya baraza la wenyeji, na baraza la wenyeji lilikula kutokana na kodi ile. Kwa hiyo zahanati zote zenye madresa wawili zingebaki na mmoja. Barua haikutaja jina. Ilisema mkaguzi angekuja, aangalie kazi, aamue.

Hata asiyejua kusoma angejua ni nani wa kuondoka. Dresa mkubwa alikuwa mtu wa makamo, Mkurya wa palepale, aliyejifunza kazi jeshini wakati wa vita na kurudi na cheti chenye mhuri. Mimi nilikuwa na darasa la kumi, miezi minane ya kazi, na asili ya Robanda, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Kwetu sisi ni Waikoma, watu wa kuwinda. Wakurya walinitania kwamba nimekuja kuwadunga kwa sababu nyumbu wameisha kwetu. Mama mmoja mwenye kidonda cha mguu, ambaye alikuja kila juma na hakuwa na haraka ya kupona, aliniambia mbele ya foleni nzima:

“Mtu wa nyumbu, hiyo ni sindano, si mshale. Usije ukaipaka sumu.”

Nilicheka pamoja nao. Nilipenda kazi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kupenda. Baba yangu alikuwa amekwisha kutangaza Robanda nzima kwamba mwanawe ni daktari, na mimi nilijua kinachoningoja nikirudi: kibanda cha miti pembeni mwa shamba la mtama, debe la kugonga, na wanyama wanaotoka porini kuja kula jasho letu. Nilikuwa nimesoma ili nisigonge debe.

Halafu mafua yakaja, na barua ya pili ikafuata, fupi, ikisema upunguzaji usubiri mpaka maradhi yatulie.

Yalianza na vijana walioshuka kwenye lori kutoka Kenya. Baada ya mnada wa ng'ombe yalikuwa kila mahali. Shule ilifungwa kwa kuwa mwalimu mwenyewe alilala kwa homa. Boma zima liliweza kulala kwa siku moja, wakubwa kwa wadogo, na ng'ombe wakalia na maziwa mpaka jirani aje. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa Busawe, alituma habari kwa mpita njia kwamba kwao hakuna wa kuteka maji, na mimi sikwenda kumwona. Nilijiambia kwamba kazi hainiruhusu. Ukweli ni kwamba niliogopa kutokuwepo siku mkaguzi atakapokuja.

Wengi walihitaji vidonge, maji na kulala tu. Lakini wazee na watoto wachanga mafua yaliwashukia kifuani, yakawa nimonia, na hao walihitaji sindano ya penisilini kila siku kwa siku tano. Hapo ndipo palipokuwa na siri yetu.

Wakurya wana kitu wanachokiita ensoni. Ni heshima iliyochanganyika na aibu. Mwanamume hamtazami mama wa mke wake usoni, hamgusi, hawapishani kwenye njia nyembamba bila mmoja kuingia majanini. Si yeye peke yake. Kuna mama wadogo wa mke, kuna mama wa wake wa ndugu zake, na kwa upande wa pili kuna wake wa watoto wake na wa watoto wa ndugu zake. Dresa mkubwa alikuwa na wake wawili na ndugu watano, wote wameoa karibu. Ukihesabu vizuri, nusu ya wanawake wa pale hakuweza hata kuwashika mkono, sembuse kuwafunua paja awadunge.

Kabla yangu wanawake hao walirudi nyumbani bila sindano, au walitembea kutwa nzima mpaka hospitali ya misheni. Baadaye nilijua kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeomba apelekewe dresa mdogo asiyekuwa Mkurya. Sababu hakuiandika. Juma la kwanza alinipa papai bichi na sindano kuukuu, akaniambia nidunge mpaka papai lisivuje. Juma la tatu nilidunga mtu.

Sheria haikuniruhusu. Dresa mdogo alikuwa wa kuosha vidonda, kugawa vidonge na kuchemsha vyombo. Sindano zilikuwa za mwenye cheti. Kwenye daftari kubwa la wagonjwa kulikuwa na nafasi ya mwisho ya kuandika jina la aliyedunga, na siku ya kwanza nilipodunga nilishika kalamu nikamtazama. Alisema, “Andika langu.” Nikaandika lake. Sikuona ubaya. Alikuwa mkubwa wangu, chumba kilikuwa chake, na mimi nilikuwa nikimwamkia shikamoo kila asubuhi kama baba. Nikaandika lake siku iliyofuata, na iliyofuata, na mafua yalipopamba moto nikaandika lake mara nyingi kwa siku mpaka saini yake nikawa naiweza kuliko mwenyewe.

Ndiyo maana foleni ilipoanza kupungua, na siku ya mkaguzi kukaribia, sikuweza kulala vizuri. Mwanzoni niliona ni siku moja tu, labda kwa ajili ya mvua. Kisha watu wakaanza kuonekana shambani. Kisha mwalimu akafungua shule, na nikasikia watoto wakiimba na nikakasirika nao. Nilikuwa nikipita karibu na maboma jioni nikisikiliza kama kuna anayekohoa. Nikimsikia mmoja nilijisikia nafuu, halafu nikajiona mchawi. Mzee mmoja ambaye nilimdunga siku tano mfululizo alikuja na jogoo kunishukuru, na mimi nikamwuliza kama ana hakika amepona kabisa, kama hasikii hata kichomi kidogo. Akanihakikishia kwa furaha kwamba hasikii chochote.

Dresa mkubwa naye alibadilika. Alikuwa mtu wa maneno machache, sasa akawa wa machache zaidi. Alikuwa na watoto wengi na mmoja alikuwa shule ya bweni. Tulikaa chumba kimoja kutwa nzima, tukipeana pamba na spiriti, na kila mmoja alijua mwenzake anafikiri nini. Siku moja alianza kusema, “Hilo daftari...” akaishia hapo, akatoka nje kukojoa, na aliporudi akazungumza habari ya mvua.

Mkaguzi alikuja bila taarifa, asubuhi, kwenye Landrova iliyojaa vumbi. Hakuwa mzungu kama tulivyotarajia. Alikuwa mganga msaidizi wa bomani, mtu wa kusini ya mbali, mwenye suruali fupi iliyopigwa pasi na kikohozi chake mwenyewe. Nje kulikuwa na wagonjwa saba tu. Niliwahesabu wakati akishuka garini, na nadhani naye aliwahesabu.

Aliketi mezani akafungua daftari. Alikwenda ukurasa kwa ukurasa, kidole chake kikishuka kwenye ile nafasi ya mwisho.

“Sindano zote hizi ni zako peke yako?” alimwuliza dresa mkubwa.

“Tulisaidiana,” dresa mkubwa alijibu.

“Naona jina moja.”

Mkaguzi akafungua ukurasa mwingine. Alitwambia tuendelee na kazi, yeye yupo tu, tusimjali.

Wa kwanza walikuwa mtoto mwenye macho mekundu na mzee mwenye jipu, na hao hawakuleta shida. Dresa mkubwa alimdunga mzee vizuri. Lakini mimi nilijua ni nani yuko chumba cha ndani, na yeye alijua. Siku iliyotangulia mama mzee mmoja aliletwa kwa machela na wanawe, kifua kikipiga kelele kama mfuko wenye kokoto. Alikuwa mmoja wa watu wa mwisho kushikwa na yale mafua. Nilikuwa nimempa sindano ya kwanza kati ya tano, na kama kawaida daftarini nikaandika jina la dresa mkubwa. Alikuwa mama mzazi wa mke wake wa kwanza.

“Ndani kuna nani?” mkaguzi aliuliza, naye alikuwa na jibu mbele yake daftarini. “Nimonia, siku ya pili. Haya, twende.”

Dresa mkubwa alichukua sindano. Aliijaza dawa, akatoa hewa, akaenda mpaka mlango wa ndani, akasimama hapo. Yule mama alitambua hatua zake. Alivuta kitenge akafunika kichwa chote, akageukia ukutani, na pumzi yake, ambayo ilikuwa ya kelele, ikawa ya kelele zaidi.

“Vipi?” mkaguzi aliuliza.

“Huyu ni mama wa mke wangu.”

“Basi mtibu mama yako.”

“Haiwezekani, bwana.”

Nje, hata mama wa kidonda cha mguu, ambaye hakuna kitu kilichowahi kumnyamazisha, alinyamaza. Mkaguzi hakuwa mtu mkali. Alionekana kama mtu anayejaribu kuelewa nchi ya wengine akiwa na homa. Aligeuka kutoka kwa dresa mkubwa akanitazama mimi, na dresa mkubwa akaninyooshea trei yenye sindano, bila kunitazama.

Niliingia. Nilimwambia yule mama kwa Kikurya changu kibovu kwamba ni mimi, na bega lake likalegea. Nilimdunga upande ambao sikuudunga jana. Mkono wangu ulifanya kazi wenyewe, haukungoja nifikiri. Nilipoinuka mkaguzi alikuwa mlangoni, na alikuwa ameutazama mkono huo tangu mwanzo.

“Hii ni mara yako ya ngapi kudunga?”

Nimekuwa nikilijibu swali hilo kwa zaidi ya miaka ishirini, kwenye treni, kwenye vyumba vya kupanga, kwenye foleni za watu wengine. Nikisema kweli, daftari lote ni la uongo. Yeye mwenye cheti ameweka jina kwa kazi asiyoifanya, na mimi nisiye na cheti nimedunga watu kwa siri. Wangeweza kutuondoa wote wawili na kufunga mlango. Nikisema uongo, mimi ni kijana wa kuchemsha vyombo katika zahanati yenye wagonjwa saba. Dresa mkubwa alikuwa ametazama sakafu. Niliona masikio yake tu. Hakunisihi kwa jicho wala kwa kidole. Angenisihi, labda ningekasirika nikasema.

“Ya kwanza, bwana,” nikasema. “Leo tu.”

Mkaguzi akasogea kitandani, akatazama kidoti cha plasta nilichokibandika jana kwenye paja la pili la yule mama, kimebandikwa kwa mkunjo ule ule wa kile nilichotoka kubandika. Akasema, “Haya,” akatoka.

Barua alikuwa nayo garini. Ilikuwa imekwisha kupigwa chapa, imesainiwa, na katikati pameachwa nafasi ya jina. Aliiweka juu ya boneti ya Landrova, akaniuliza jina langu linaandikwaje, nami nikamtajia herufi moja moja. Niliona wino ukikauka upesi kwa joto la bati. Kuanzia kesho, alisema, na koti jeupe la kazi nilirudishe sasa hivi kwa sababu makoti yanahesabiwa. Nililivua nikamkunjia vizuri. Kabla ya kuingia garini alikohoa, akafuta mdomo, akaniambia kwa sauti ya chini:

“Ungesema kweli, ningejua la kuandika. Sasa nimeandika ulichosema.” Halafu akaongeza, kama aliyeona haya kuwa na gari, “Hata mimi sijui kama mwezi ujao watanipa petroli.”

Angeandika nini, sikujua, na hata leo sijui.

Jioni ile nilifunga vitu vyangu, ambavyo havikujaza begi. Dresa mkubwa alikuja mlangoni kwangu, akabaki amesimama nje.

“Zimebaki tatu,” alisema.

Nilijua anasema nini. Nilikuwa na uchungu, nikamwuliza nitakuja kama nani, maana koti limeondoka na Landrova. Alisimama pale muda mrefu, mtu wa vita, mwenye cheti, na nikaona kwamba hataondoka mpaka apate jibu langu. Nikamwambia nitakuja.

Kesho yake nilifika nimevaa shati langu la kawaida. Stovu ilikuwa inawaka tayari. Alikuwa amechemsha sindano mwenyewe, ameosha trei, amekata pamba, kazi zote zilizokuwa zangu, na watu wa foleni walikuwa wakitazama bila kuelewa waliloliona. Aliniletea trei mpaka mlango wa ndani, akaipitisha kwa mkono mmoja, mgongo ukiwa umeelekea chumbani. Nilidunga. Aliipokea vilevile, kinyumenyume, akaenda kuchemsha.

“Leo mtu wa nyumbu ndiye bwana mkubwa,” alisema mama wa kidonda. Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe hakusisitiza.

Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Siku ya tatu, ambayo ilikuwa sindano ya tano na ya mwisho, yule mama mzee aliketi kitandani kabla sijafika. Kifua kilikuwa kimenyamaza. Hakuwahi kusema nami zaidi ya kuitikia. Sasa, nikiwa nafuta mahali pa sindano, alisema kwa sauti ambayo haikuwa ya mtu aliye karibu yangu, ilikuwa ya kufika ng'ambo ya ukuta:

“Mwambie huyo aliye nje kwamba nimepona.”

Nikafungua mdomo nimwambie, lakini kutoka nje sauti ikaja:

“Mwambie nimesikia.”

“Mwambie pia,” mama akaendelea, akinitazama mimi, “wakati mwingine nikiugua, atanipa nani?”

Nilingoja. Nje nilisikia stovu, na mtu akiburuta kiti. Yule mama akatingisha kichwa kama aliyejua hivyo, akafunga kitenge, akatoka kwa mlango wa nyuma ili wasikutane.

Nilipotoka dresa mkubwa alikuwa mezani na daftari. Alikuwa akiandika polepole, kwa mwandiko wake mwenyewe ambao nilikuwa sijauona kwa muda mrefu. Nilisimama nyuma yake. Kwenye nafasi ya mwisho ya siku ile alikuwa ameandika jina langu. Alirudi nyuma ukurasa mmoja, kwenye juzi na jana, na hapo palikuwa tupu, alikuwa amepaacha. Akajaza jina langu mara mbili. Mara tatu jumla, kwa siku tatu ambazo sikuwa mtu wa kazi pale wala mahali pengine popote.

Nilimwambia watamwuliza.

“Waniulize,” alisema.

Alikausha wino kwa kupuliza, akafunga daftari, akaniaga kwa mikono miwili kama mtu wa rika lake. Sasa mimi nina umri aliokuwa nao siku ile, na sijawahi kupuliza wino wa namna hiyo kwa ajili ya mtu. Kama walimwuliza, au kama hakuna aliyefungua tena ukurasa ule, sikupata kusikia. Miaka kadhaa baadaye nilipita pale kwa basi. Zahanati ilikuwa imepakwa rangi mpya na sikushuka.

Siku ile nilishika njia ya Ikoma kwa miguu. Nilipita maboma matatu, manne, bila kusikia mtu akikohoa. Wanawake walikuwa wakianika mtama, wakaniita wakaniuliza daktari anakwenda wapi, nikawajibu nakwenda kusalimia nyumbani. Kila niliyemwona nilijua ni mkwe wa nani, maana kazi ilikuwa imenifundisha. Nilikuwa nikipanga kichwani nitamwambia nini baba, lakini kila nikianza nilisahau maneno yangu, nikajikuta nawahesabu wao: huyu angeweza kudungwa na dresa mkubwa, huyu asingeweza, huyu asingeweza, na huyu pia.